Huna kipaji cha kuchora? Hebu kaa hapa tuongee kidogo

Wiki hii siasa tuipe likizo. Najua wapo watakaonuna, maana humu ndani tumezoea kukunjana mashati kuhusu umeme, bajeti na mpira. Lakini leo nina jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu, nalo ni kuchora. Ndiyo, kuchora. Penseli na karatasi. Usiondoke kwanza.

Nianze na mkasa wenyewe. Miaka michache iliyopita mama yangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali tuliambiwa asilale kitanda kirefu wala kifupi mno. Akikaa ukingoni nyayo ziguse sakafu vizuri, na awe na kitu cha kushika wakati wa kunyanyuka. Nikaenda kwa fundi seremala wa mtaani kwetu nikamweleza kwa mdomo huku nachezesha mikono hewani. "Fundi, mshikio uweke upande wa kushoto." Fundi akaitikia, "Nimekupata bosi, kazi ndogo hiyo." Nikatoa advansi nikaondoka zangu kifua mbele.

Kitanda kilipokuja, mshikio ulikuwa upande wa ukutani! Kumbe mimi kushoto nilihesabu kama mtu aliyelala chali. Yeye alihesabu kama mtu aliyesimama miguuni anatazama kitanda. Wote wawili tulikuwa sahihi, na kitanda kilikuwa hakifai. Kikarudishwa kwa fundi, na kwa siku tisa zilizofuata mama alikuwa ananyanyuliwa na watu wawili kila anapotaka kwenda msalani. Mtu mzima, mama aliyetulea, anaomba radhi kila tukimshika. Wenye wagonjwa nyumbani wananielewa.

Nilipokwenda kulalamika fundi hakugombana. Alichomoa penseli sikioni, akaokota kipande cha ubao, akachora kitanda kwa mistari kama kumi hivi. Ukuta huku, mlango kule. Akauliza, "Mama kichwa anaweka wapi?" Dakika moja tu mambo yakaeleweka. Halafu akaniambia, "Bosi, si ungenichorea tu siku ile?"

Nikampa jibu ambalo hata wewe ungempa: "Fundi, mimi sina kipaji cha kuchora." Akacheka. "Na mimi nani kakwambia ninacho?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Tangu siku ile nimejifunza kuchora taratibu, bila shule, usiku baada ya kazi. Sijawa msanii na wala sitaki kukudanganya. Ila nimegundua kwamba kile tunachokiita kukosa kipaji, kwa wengi wetu, ni kitu kingine kabisa. Ndicho ninachotaka kukieleza leo.

KIPAJI KINA MAHALI PAKE, LAKINI SI HAPA

Jiulize swali dogo. Umewahi kumsikia mtu anasema hana kipaji cha kuandika herufi? Hakuna. Kila aliyepita darasa la kwanza alikaa akaandika "a" mpaka ikakaa sawa. Mkono unaoweza kuandika jina lako kwa mwandiko unaosomeka tayari una ufundi wote wa mikono anaouhitaji mtu anayeanza kuchora. Kwa hiyo mkono wako hauna kosa. Kesi imefutwa.

Na umri je? Tuchukue mzee wetu Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Hakupita chuo cha sanaa. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam akafanya kazi za nyumbani, baadaye akapata kazi Muhimbili. Picha alianza kuzichora na kuziuza mwaka 1968, akiwa na miaka kama 36, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa akafa. Yaani kazi yote ile ni ya miaka minne! Leo jina lake ni jina la mtindo mzima unaojulikana dunia nzima. Kweli picha zake hazifuati kanuni nitakazozitaja hapa chini, na wala sisemi alipaswa kuzifuata. Alikuwa na njia yake. Namtaja kwa ajili ya wale wanaosema wamechelewa.

Mwingine ni Vincent van Gogh wa Uholanzi, aliyezaliwa 1853. Aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27, baada ya kujaribu kuuza picha za wenzake, kufundisha, kuuza vitabu na kuhubiri. Michoro yake ya mwanzo ukiiona utafarijika: watu wamekakamaa kama magogo. Alichofanya ni kukaa chini akanakili kurasa za kozi ya michoro iliyotayarishwa na Mfaransa Charles Bargue, akimaliza anaanza tena. Baadaye akatengenezewa fremu yenye nyuzi ndani yake, akawa anatazama mashamba kupitia hizo nyuzi ili apate vipimo. Alikufa mwaka 1890. Miaka kumi tu tangu aanze.

Basi tuache habari ya kipaji. Tuje kwenye tatizo lenyewe.

TATIZO NI JICHO, TENA JICHO LINALOJUA MNO

Fanya jaribio hili sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Chukua karatasi, uchore kikombe cha chai kwa kumbukumbu, kama kinavyoonekana ukiwa umekaa mezani. Umemaliza? Sasa kilete kikombe chenyewe ukiweke mbele yako.

Watu wengi huchora mdomo wa kikombe kama duara lililobonyea, halafu chini wanaweka mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Kwa nini? Kwa sababu akili inajua kwamba meza ni bapa, na kikombe kinakaa vizuri juu yake. Sasa tazama kikombe halisi. Kitako kimepinda. Tena kimepinda zaidi kuliko mdomo, maana jicho lako liko juu, na kadiri duara linavyoshuka chini ya jicho ndivyo linavyozidi kufunguka. Umeviona vikombe kila siku ya maisha yako na hukuwahi kuliona hilo. Hata mimi sikuwahi.

Hapo ndipo siri ilipo. Akili haina muda wa kutazama kila kitu upya. Imejitengenezea alama fupi fupi za kila kitu. Jicho ni umbo la samaki lenye nukta katikati. Mti ni kijiti chenye wingu juu. Mwambie mtoto yeyote wa Mbagala achore nyumba, atakuletea boksi lenye paa la pembetatu, milima miwili nyuma yake na jua linachomoza katikati. Mlima Mbagala uko wapi? Haupo! Mtoto hajachora alichokiona, kachora alama aliyofundishwa na wenzake. Nasi watu wazima tunabaki na alama zile zile tulizoachia darasa la tano, kisha tunaziona aibu, tunasema hatuna kipaji.

Kujifunza kuchora, basi, ni kujifunza kuiambia akili inyamaze kidogo ili jicho liseme. Mazoezi yote ninayoyaeleza hapa yana kazi hiyo moja.

VIFAA VISIKUTISHE

Usiende kununua vitu vya bei mbaya. Penseli mbili zinatosha: HB, ile ya kawaida ya shule, na moja laini kama 2B au 4B. Herufi hizo zina maana. H ni ngumu na huacha mstari hafifu, B ni nyeusi na laini, HB iko katikati. Namba ikipanda, sifa hiyo inazidi. Ndani ya penseli hakuna madini ya risasi kama wengi wanavyodhani. Ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Njia hiyo aliibuni Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, wakati vita na Uingereza vilipoinyima Ufaransa grafiti safi. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu. Grafiti ikizidi, inakuwa nyeusi.

Ongeza kichongeo au wembe, raba, na karatasi. Zile karatasi za ofisini zilizochapwa upande mmoja zinafaa sana, kwa sababu huzionei huruma. Daftari zuri la bei kali litakufanya uogope kuharibu, na mwanafunzi anayeogopa kuharibu hafiki popote.

Jambo la penseli yenyewe: usiibane kama unaandika mtihani. Ishike nyuma kidogo, na mistari mirefu ivute kwa mkono mzima kuanzia begani, siyo kwa vidole peke yake. Anza na mistari hafifu kabisa. Ukikosea usikimbilie kufuta. Chora mstari sahihi pembeni ya ule uliokosewa, uone tofauti. Ukiufuta wa kwanza, una hakika ya kurudia kosa lile lile, maana umepoteza kipimo.

MAZOEZI SITA

La kwanza: kuchora bila kuangalia karatasi. Weka mkono wako wa kushoto mezani (kama unatumia kushoto, weka wa kulia). Weka ncha ya penseli kwenye karatasi, kisha ugeuze uso usiione karatasi kabisa. Jicho litembee pembezoni mwa mkono polepole kama mdudu anayetambaa, na penseli itembee kwa mwendo ule ule. Kila mkunjo, kila kucha. Dakika tano. Matokeo yatakuchekesha, yatafanana na tangawizi. Haidhuru. Zoezi hili limo kwenye kitabu cha mwalimu wa Marekani Kimon Nicolaides kilichotoka mwaka 1941, na lengo lake ni kulazimisha jicho na mkono viende pamoja. Ukirudia siku saba utaona mistari yako imepata uhai ambao haukuwepo.

La pili: pindua picha kichwa chini. Tafuta mchoro wa mistari tu, labda kikatuni cha gazetini, ukigeuze juu chini, kisha ukinakili hivyo hivyo kilivyopinduka. Usikigeuze mpaka umalize. Zoezi hili lilipata umaarufu kupitia kitabu cha mwaka 1979 cha mwalimu mwingine wa Marekani, Betty Edwards. Yeye alilieleza kwa habari ya upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo, na wanasayansi wa leo wanasema ubongo haugawani kazi kirahisi namna hiyo. Lakini zoezi lenyewe linafanya kazi, kwa sababu pua iliyopinduliwa haifanani na "pua" unayoijua. Inabaki kuwa mstari unaopinda, nawe unachora mstari. Mimi nilipogeuza karatasi yangu ya kwanza nilimwita jirani aje aone.

La tatu: chora matundu, usichore kitu. Weka kiti mbele yako. Badala ya kuchora miguu yake, chora maumbo ya nafasi tupu zilizo kati ya mguu na mguu, kati ya mgongo wa kiti na mahali pa kukalia. Akili ina alama ya kiti, ila haina alama ya tundu. Ukimaliza matundu yote, kiti kitakuwa kimejitokeza chenyewe. Mbuzi ya kukunia nazi nayo ni nzuri kwa zoezi hili, na kila nyumba ya pwani inayo.

La nne: pima. Umewahi kuona kwenye filamu mchoraji amenyoosha mkono na penseli, amefumba jicho moja? Hafanyi mbwembwe, anapima. Nyoosha mkono kabisa usikunje kiwiko, fumba jicho moja, linganisha ncha ya penseli na juu ya kikombe, weka kidole gumba pale penseli inapokutana na kitako. Umepata urefu. Sasa ulaze urefu huo kwa upana wa kikombe: unaingia mara ngapi? Huhitaji sentimita, unahitaji uwiano tu. Penseli hiyo hiyo inakusaidia kujua mlalo: isimamishe wima mbele ya kitu, uone ukingo wake umeinama kiasi gani. Mkono ukikunjwa kila kipimo kinabadilika, kwa hiyo hapo usifanye mchezo.

La tano: tafuta upeo wa macho. Siku ukienda ufukweni simama utazame pale bahari inapokutana na mbingu. Mstari ule uko sawasawa na kimo cha macho yako. Chuchumaa, nao utaonekana umeshuka pamoja nawe! Ndiyo mstari unaotawala mchoro wote wa barabara au chumba. Ukisimama barabarani sehemu tambarare, kama Mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo, mistari ya paa zilizo juu ya macho yako inashuka kuelekea upeo, na mistari ya ukingo wa barabara inapanda. Nguzo za umeme zinapungua kimo, na nafasi kati yake inabana kadiri zinavyokwenda mbali. Na watu wazima wenye kimo kama chako, aliye karibu na aliye mbali, macho yao yote yako kwenye mstari ule ule wa upeo. Ni miguu yao ndiyo inayopanda juu. Ukilijua hili, umati wako hautakuwa tena kama watu wanaoelea.

La sita: yai na dirisha. Weka yai bichi au la kuchemsha juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, taa nyingine uzime. Usichore mstari wa pembeni. Finya macho mpaka karibu yafumbe, uone giza na mwanga tu. Utaona sehemu yenye mwanga, sehemu ya kijivu, sehemu yenye giza, kisha, na hapa ndipo wengi hupitwa, ukingo wa chini upande wa giza una mwanga hafifu uliorudi kutoka kwenye karatasi. Mwisho kuna kivuli kilichoanguka mezani, ambacho ni cheusi zaidi karibu na yai na kinafifia kikienda mbali. Ukipata daraja hizo, yai litaonekana kama linaweza kubingirika. Usifanye zoezi hili nje saa sita mchana, jua la utosi linaua vivuli. Asubuhi au alasiri ndiyo wakati wake.

NA SURA ZA WATU JE?

Kila mtu anataka kuchora sura ya mtu, tena siku ya kwanza. Sawa, nitakupa mambo machache ya kuanzia.

Nenda kwenye kioo. Pima toka utosini mpaka kidevuni. Macho yako wapi? Yako katikati! Siyo juu karibu na nywele tunapoyaweka sote. Paji la uso na kichwa havina kitu cha kutazama, kwa hiyo akili inavipunja. Kosa hili ndilo linalofanya sura za wanaoanza zionekane kama hazina ubongo. Mengine: katikati ya jicho na jicho panaenea jicho moja. Masikio hukaa takriban kati ya nyusi na chini ya pua. Mtu mzima akisimama ana urefu wa vichwa vyake saba hadi vinane, na mtoto mchanga karibu vinne. Ukimchora mtoto kwa kumpunguza mtu mzima, utapata mzee mfupi.

Hizi ni wastani tu, siyo sheria. Kila mtu anatofautiana nazo, na tofauti hiyo ndiyo sura yake. Wachora katuni wanaishi kwa tofauti hiyo. Gado wetu, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1969 aliyeanza kuchorea gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992, akimchora kiongozi huhitaji kusoma jina. Lakini kabla hujaweza kukuza pua ya mtu, lazima uwe umeiona ilivyo hasa.

Mbinu ya zamani, hata Leonardo da Vinci aliishauri: mchoro wako utazame kwenye kioo. Ukigeuka, makosa yanajitokeza yenyewe. Jicho lililoshuka, mdomo uliokwenda upande. Siku hizi unaweza kuupiga picha kwa simu ukaugeuza. Ila usitegemee picha za simu kwa kila kitu. Simu ikiwa karibu na uso inakuza pua na kupunguza masikio, nawe utanakili kosa ukidhani ni mjomba wako.

KUNAKILI NI DHAMBI?

Hapa najua kutakuwa na ubishi. Wengi wetu tulianza kwa kunakili vikatuni vya Sani, tukachapwa shuleni kwa kuchora nyuma ya daftari. Msimamo wangu ni huu: kunakili ni kujifunza, mradi usiseme ni chako na usikae huko maisha yote. Nakili siku moja, siku ya pili chora kitu halisi kilichopo mbele yako. Picha iliyokwisha chorwa imeshakufanyia maamuzi magumu. Kikombe hakijakufanyia.

Mdau mwingine atasema: sasa hivi programu za akili mnemba zinatoa picha kwa sekunde, ya nini kuteseka? Ndugu yangu, programu itakupa kitanda kizuri mno, lakini ukuta wa chumba cha mama haiujui. Na hata ingeujua, faida kubwa ya kuchora haiko kwenye karatasi. Kitu ulichokichora kwa nusu saa unakijua namna ambayo hujawahi kukijua. Ndiyo maana mwalimu wa baiolojia hakuridhika ukimwambia umeliona panzi, alitaka ulichore na kulitajia sehemu zake.

MCHORO WA KUMPA FUNDI

Hiki ndicho kilichonileta. Kwa kitu cha kutengenezwa, iwe kitanda, kabati, geti au gauni, huhitaji kivuli wala urembo. Chora kitu kile mara tatu: kinavyoonekana kwa mbele, kwa ubavuni na kutoka juu. Kila mchoro uandikie vipimo kwa sentimita. Kwenye ule wa kutoka juu weka ukuta, mlango, na mtu mwenyewe: kichwa hapa, miguu hapa. Usiandike "kushoto" wala "kulia", andika "upande wa mlango", "upande wa ukuta". Piga nakala, moja ya kwako na moja ya fundi, wote mtie sahihi. Mchoro mbaya wa namna hiyo una thamani kuliko maelezo matamu ya saa nzima.

Kitanda cha pili cha mama nilikichora hivyo. Mistari ilikuwa inatetemeka, lakini mshikio ulikaa mahali pake.

UANZE VIPI

Dakika kumi na tano kwa siku, siku thelathini. Wiki ya kwanza zoezi la kwanza na la pili. Wiki ya pili matundu na vipimo, kwa vitu vya jikoni: birika, jiko la mkaa, kibuyu. Wiki ya tatu toka nje, chora kona ya mtaa. Wiki ya nne yai na mwanga, umalizie na sura. Kila karatasi iandike tarehe, usitupe hata moja. Kuna siku, kama ya kumi hivi, utaona unazidi kuharibu. Usikate tamaa hapo. Mara nyingi ni jicho limetangulia: sasa linayaona makosa ambayo mwanzo halikuyaona. Mkono utafuata.

Mimi siku ya thelathini nilimchora mama akiwa amekaa kwenye kile kitanda, mkono mmoja ameshika mshikio. Alikaa ametulia kama dakika ishirini, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomwonyesha akavaa miwani akatazama.

"Huyu nani?"

"Si wewe, mama."

"Mbona umenizeesha hivi?" Halafu akanyamaza kidogo. "Ila mkono ni wangu. Huu mkono kweli ni wangu."

Ile karatasi kaiweka kwenye Biblia yake mpaka leo, na mgeni akija anaonyeshwa, akiambiwa kwanza kwamba mtoto kakosea sura.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Hapo chini kwenye maoni nawasubiri wachoraji wa kweli wanisahihishe, na nyie wenzangu mliokatishwa tamaa darasa la tano mseme nani aliwaambia hamna kipaji. Ila kabla hujaandika, nenda jikoni kakitazame kitako cha kikombe.

Tuko pamoja.